Bega la Kushoto

Kabla ya ajali ile, hapakuwa na aliyebishana na Safiya kwenye uwanja wa shabaha. Wanachama wa klabu walibishana juu ya mambo mengine yote, na zaidi juu ya silaha zao, maana kila mmoja aliipenda yake kama mfugaji anavyompenda fahali wake. Lakini karatasi ya Safiya ilipoteremshwa kutoka kwenye ubao, matundu yamesongamana katikati kama nzi juu ya kidonda, watu waliguna tu wakarudi kwenye chai.

Uwanja wenyewe ulikuwa machimbo ya zamani ya kifusi, nje kidogo ya mji wa Kahama, upande wa kuelekea Segese. Wenye matingatinga walikuwa wamekwangua kilima wakaacha ukuta mrefu wa udongo mwekundu. Mbele ya ukuta huo klabu ilisimamisha mbao zake, nao udongo ukawa unameza risasi zote, nzuri na mbaya.

Pantaleo, mkulima wa tumbaku kutoka Ushetu, alikuja na raifo nzito ya kuwindia, yenye darubini juu na kishindo cha kutikisa meno. Kwake yeye, bunduki isiyokugonga bega ilikuwa fimbo ya kuchungia mbuzi. Juliana, mnunuzi wa dhahabu wa Segese, hakutaka kusikia habari za mitutu mirefu. "Silaha ni ile inayokaa kiunoni," alikuwa akisema, huku akiipigapiga bastola yake kwenye ala. Safiya aliwaacha waseme. Yake ilikuwa raifo ya risasi ndogo, kitako cha mbao, haina darubini wala mbwembwe. Kila baada ya risasi moja ilibidi avute bolti kwa mkono, ganda litoke, nyingine iingie. Mchana kutwa alishinda dukani akiuza mipira ya maji na vipuri vya pampu kwa wachimbaji, makelele ya karasha za kusaga mawe upande huu, mabishano ya bei upande ule. Akilala kifudifudi juu ya turubai na kuweka shavu kwenye kile kitako cha mbao, dunia nzima ilikuwa inafunga mdomo.

Ajali ilimkuta dukani, si uwanjani. Mteja alitaka bomba lipunguzwe, fundi alikuwa ametoka kula, na Safiya si mwanamke wa kumsubiri fundi. Alichukua grainda ya kukatia chuma akaiwasha. Miwani ya kujikinga ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, karibu kabisa na mkono wake, akaona kuivaa ni kupoteza muda. Kipande cha chuma kidogo kama punje ya ulezi kiliruka.

Madaktari wa Mwanza walifanya waliloweza. Jicho lilibaki mahali pake na kwa mtu wa kupita tu halikuonyesha kasoro, ila lilibakiwa na mwanga hafifu, kama mtu anayechungulia kupitia karatasi ya maandazi. Nalo lilikuwa la kulia, jicho la kulengea.

Mumewe, Abdulhalim, alimuuguza bila kinyongo. Alimtia dawa, akamshika mkono kwenye ngazi za msikitini, akasimamia duka. Siku Safiya aliporudi kuketi nyuma ya kaunta, ndipo alipolitoa lililokuwa moyoni.

"Mama Zuhra, ile bunduki tuiuze."

"Kwa nini?"

"Unauliza kwa nini? Jicho limebaki moja. Moja tu. Hilo nalo likienda, mimi nitakuwa naishi na nani?"

"Utaishi na mimi, Baba Zuhra. Nitakuwa kipofu, sitakuwa marehemu."

Abdulhalim hakucheka. Alitoka nje akasimama kwenye kibaraza akitazama malori, na Safiya akajua kwamba mwanamume yule hakuwa akimkataza. Alikuwa anaogopa. Hilo lilimuuma kuliko kukatazwa, kwa sababu katazo unaweza kulibishia.

Wiki iliyofuata alikwenda uwanjani mikono mitupu. Mzee Magesa, polisi mstaafu aliyekuwa msimamizi, alikuwa akibandika karatasi kwenye mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Pole sana. Tumekuombea."

"Nimepoa. Nataka kurudi kwenye mstari. Nitapiga kwa bega la kushoto."

Mzee Magesa alishusha gundi yake chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mengi aliyokuwa nayo yalikuwa ya sheria za uwanja. "Mstarini siwezi kukuruhusu. Mtu anayebadili bega ni mwanafunzi mpya. Mkono haujui ulipo, kidole kinatangulia akili. Ukimjeruhi mtu hapa, klabu imekufa na mimi nimekwenda kujibu. Kajifunze bila risasi. Siku nitakayokuona hufikirii tena mkono gani ushike wapi, nitakuita mwenyewe."

Safiya alitaka kuchukia, akakuta hana pa kushikia. Angekuwa yeye msimamizi angesema hayohayo.

Wenzake wakamzunguka kwa ushauri. Pantaleo alimwambia ukweli ambao hakuupenda. "Sikiliza, Mama Zuhra. Hizi bunduki zetu zimetengenezwa kwa watu wa kulia. Ukiweka bega la kushoto, ule mlango wa kutolea maganda unakuwa mbele ya uso wako. Ganda likipasuka, moto na vipande vinakuja kwako. Tafuta iliyotengenezwa kwa mashoto."

"Nitaipata wapi Kahama hii?"

"Basi njoo kwangu," Juliana akadakia. "Bastola haijui kulia wala kushoto. Shika kwa mkono wako uleule, geuza kichwa kidogo tu, jicho la kushoto lione. Jaribu uone."

Mzee Magesa alikubali ajaribu, akiwa amesimama naye bega kwa bega. Safiya akajaribu. La ajabu ni kwamba alipiga vizuri. Risasi zake zilikaa ndani ya duara jeusi, Juliana akapiga vigelegele kama yuko harusini. "Si nilikwambia! Nunua yako tuanze upya!"

Safiya aliirudisha bastola mezani taratibu, mtutu wake ukiwa umeelekea ukutani. Alitafuta ndani yake ile furaha, akaona haipo. Kitu kile kilimaliza kazi kabla yeye hajaianza. Hakulala chini, hakuvuta pumzi na kuisubiri itulie, hakuvuta bolti.

"Ni nzuri, Juliana. Ila si yangu."

"Kichwa chako ni jiwe la duarani, la shimoni kwa wachimbaji."

"Basi linaweza kuwa na dhahabu," akajibu, nao wakacheka.

Nyumbani alisafisha stoo ya nyuma, akatandika mkeka, akabandika kikaratasi kwenye ukuta wa mwisho. Bunduki aliitoa kwenye kasha la chuma bila risasi hata moja chumbani, akaweka zile za plastiki za mazoezi. Kila baada ya swala ya alfajiri, kabla duka halijafunguliwa, alilala pale na kuanza.

Ilikuwa aibu. Shavu la kushoto halikujua kitako kilipo. Mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikilia vitu ili mwenzake afanye kazi, sasa uliambiwa ufanye kazi wenyewe, ukatetemeka kama unaonewa. Kidole kilivuta kwa pupa. Kila alipotaka kuvuta bolti, ilibidi aachie mkono wa kushoto, auvushe juu ya bunduki, aitafute bolti upande wa pili, na alipomaliza alikuwa amehama mahali pake kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mara nyingine alibaki amelaza kipaji cha uso juu ya mkeka, machozi yakimtoka kwa hasira. Halafu anajikaza kisabuni, anaanza tena. Alijilazimisha kumwaga chai kwa kushoto, kupima nyaya kwa kushoto, kuhesabu nati kwa kushoto. Wateja walidhani mkono wa kulia unauma.

Asubuhi moja Abdulhalim aliingia stoo bila kubisha. Safiya alimwonyesha bunduki tupu, akalaza mtutu chini, akangoja maneno. Abdulhalim alichuchumaa akatazama mkeka uliochakaa mahali pa viwiko.

"Kumbe ndiko unakoamkia."

"Ndiko."

"Pantaleo alipita dukani. Kaniambia habari ya ganda kupasuka usoni." Akagusa mkeka. "Mimi sitaki kukufunga kamba, Safiya. Lakini ile miwani ya dukani, ile ya kwenye msumari..."

"Najua."

"Hujui. Niapie. Usivute hata ile ya plastiki bila miwani."

Alikuwa amemwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya tangu Zuhra alipozaliwa. Safiya alisimama, akaenda dukani, akaichukua miwani ile, akarudi akaivaa mbele yake. Tangu hapo hakulala mkekani bila hiyo.

Siri ya bolti ilimjia siku aliyokuwa amechoka. Kwa uchovu alikuwa ameweka mfuko mdogo wa mchanga chini ya sehemu ya mbele ya bunduki, nayo ikakaa yenyewe. Mkono wa kulia haukuwa na kazi, umelala tu ubavuni. Akautazama. Bolti iko kulia. Mkono mtupu uko kulia. Akaubakiza wa kushoto palepale kwenye kifyatulio, akapeleka wa kulia, akavuta, akasukuma. Jicho halikutoka kwenye shabaha hata kidogo. Alirudia. Akarudia tena, upesi zaidi, mpaka bolti ikawa inaimba. Wapiga shabaha wa kulia huachia kifyatulio kila wanapovuta bolti. Yeye hakuwa na haja ya kuachia chochote. Safiya alicheka peke yake hadi Abdulhalim akaita kutoka jikoni kuuliza kama yuko salama.

Mzee Magesa alimtazama akifanya hivyo uwanjani, bila risasi, kwa muda mrefu. Alizunguka kulia, akazunguka kushoto, akainama kuchungulia kidole. Mwisho akasema, "Njoo Jumamosi. Utakaa mwisho kabisa wa mstari, maganda yako yasimpige mtu."

Jumamosi za mwanzo alipiga ovyo, Pantaleo akamtania kwamba anaupandia ukuta mbegu. Zikafuata za afadhali. Ulipofika wakati wa mashindano ya klabu, walikuja hata wapiga shabaha wa klabu ya Songwa, na Safiya akajiandikisha kwenye raifo kama wengine. Mifuko ya mchanga iliruhusiwa kwa wote.

Raundi ya taratibu alikuwa wa katikati, si wa kusifiwa si wa kuchekwa. Darubini ya Pantaleo ilifanya kazi yake, akaongoza. Kisha ikaja raundi ya haraka: kumaliza risasi zote kabla ya filimbi.

Abdulhalim alikuwa amekuja. Alisimama nyuma ya kamba pamoja na Juliana, mikono kifuani, kanzu yake ikishika vumbi.

Filimbi ikalia. Safiya akavuta pumzi, akaiacha nusu, akafyatua. Mkono wa kulia ukaenda ukarudi. Akafyatua. Huko kushoto kwake bunduki nzito zilinguruma, kila moja ikimrusha mwenyewe nyuma na kumlazimu ajipange upya. Yake ilikohoa tu na kutulia. Nyuma alimsikia Juliana akisema, "Hebu mwone, hebu mwone huyo!" Kisha hakumsikia tena.

Zilibaki risasi mbili kimbunga cha vumbi kilipopanda kutoka kwenye shimo la kifusi, kikageuka, kikaja moja kwa moja upande wake wa mwisho. Shabaha ikawa kivuli. Kwenye miwani chembe zikagonga kama mvua. Alijua ilipo karatasi. Angeweza kufyatua kwa mazoea, pengine akapata. Kidole kilikuwa tayari.

Akakitoa. Akavuta bolti nyuma, risasi nzima ikarukia turubaini, akaiacha bolti wazi, akalaza uso kwenye mkono, akangoja. Aliona sekunde zinavyopita kama anaziona zikitembea kwa miguu. Vumbi lilipotawanyika alifunga bolti, akalenga, akafyatua moja. Filimbi ikalia na ile nyingine ikiwa bado juu ya turubai.

"Bolti zote wazi! Mikono mbali na silaha!" Mzee Magesa alipaza sauti.

Karatasi zilipokusanywa, ya Safiya ya raundi ya haraka haikuwa na tundu hata moja nje ya duara jeusi. Ila ilipungukiwa na moja, na kwenye jumla ya raundi zote mbili Pantaleo akamshinda kwa hiyo moja. Vumbi halikufika upande wa Pantaleo.

Pantaleo alikuja akiwa amevua kofia. "Mama Zuhra, leo umenitoa jasho. Ile ya mwisho ungeifyatua tu, ungenipita."

"Nilikuwa sioni."

"Ungebahatisha."

"Sikujifunza upya ili nije kubahatisha." Sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka. Alikuwa amekasirika, hakuificha. Alitaka ushindi ule kwa roho yake yote. Pantaleo alimtazama, akatikisa kichwa kwa heshima, akamwachia.

Mzee Magesa alipita akamkabidhi risasi iliyobaki. Alimpa mkono kwa mikono yote miwili.

Abdulhalim alimsaidia kukunja turubai. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi. "Umeumia?"

"Nimekuwa wa pili."

"Nauliza jicho."

"Jicho zima. Nimekuwa wa pili, Baba Zuhra. Wa pili! Kwa kimbunga!"

Mumewe akaanza kucheka, kicheko ambacho nyumba yao haikukisikia tangu Mwanza, akaegemea gari kwa kucheka. Safiya alimwangalia akiwa bado amenuna, turubai kwapani. Kisha akageuka akawafuata wale watu wa Songwa waliokuwa wakipakia vitu vyao, miwani bado usoni, akawauliza kwao mashindano ni lini, na upepo wa huko huvuma kutoka upande gani.