Vikonyo Vitatu

...na la tano, na la sita, majani sita bila doa hata moja, haiwezekani, narudia kimoyomoyo, naanzia lile changa lililojiviringa kileleni hadi hili la chini kabisa, sita, safi, na kila mgomba wa mstari huu uko hivi hivi, wakati mistari ya jirani, kulia na kushoto, kuanzia jani la tatu kwenda chini yananing'inia meusi kama matambara ya jikoni, ukungu huu wa majani unapeperuka na upepo, utarukaje mstari mmoja... "Wifi, ngapi?" anauliza mdogo wa mume wangu, kalamu juu ya fomu, amesimama nyuma ya mgomba mwingine, na mimi namwambia ngoja kwanza, nahesabu, kumbe sihesabu tena, naangalia shina, maana kati ya majani hayo sita kuna vikonyo vitatu vilivyokatwa, kimoja juu kabisa, mahali pa jani la tatu, bado kibichi, mtu amepita hapa na kisu juzi au jana, na shamba la majaribio halikatwi hata jani moja, jani gonjwa ndilo tunalolitafuta... ni Miwani, nani mwingine, mkuu wetu, aliyetamka mbele ya watu kwamba aina hii ya migomba, niliyoichavusha kwa mikono yangu juu ya ngazi miaka minne, haifiki popote, na juzi nilimkuta kwenye mstari huu huu peke yake, mikono nyuma, "Napunga upepo tu, mama," upepo gani, saa sita mchana, juani? amekata ili wakaguzi wakija kesho wavione vikonyo, waulize mwenye aina ni nani, wote wanigeukie mimi, na yeye afute miwani yake polepole kama kawaida yake, mnafiki mkubwa... "Wifi, si niandike sita, safi, tusonge mbele? Jua linatuua." Sita. Nani kamwambia sita? sijatamka namba, na kutoka aliposimama haoni kitu... mwaka jana aina yangu ya kwanza ilipoungua majani, nilikaa stoo juu ya magunia ya mbolea nikalia kama mtoto, akanifuta uso kwa mkono wa koti lake, akasema, "Hii nyingine itapona, wifi, nitahakikisha mwenyewe," nikacheka, nikadhani ananibembeleza tu... na Miwani basi alikuwa anatazama vikonyo, akavihesabu, sasa anangoja aone nitaandika nini... lo, wifi yangu, huyu huyu anayepuliza kalamu sasa kama imegoma, na mama yao mzazi, mama mkwe wangu, migomba yake imekauka majani yote, mikungu inatoka myembamba kama vidole vya mgonjwa, kila tukienda, salamu haijaisha ameshauliza, "Machipukizi yenu lini, wanangu?" tutampa haya, atayapanda kwa furaha, majirani zake watang'oa ya zamani wapande haya, mvua moja tu, majani meusi tena, na huyu binti yake hakuliona hilo? aliona machozi yangu tu... nikisema yamekatwa, nimemfukuzisha kazi, nitakaa vipi naye sebule moja, mume wangu nitamtazama kwa jicho lipi, na aina yangu imekufa, ugonjwa uko jani la tatu kama kwa wenzake, miaka minne hiyo, kwisha... na aibu iliyoje, nilipodhani ni Miwani nilitaka dunia nzima ijue, sasa najua ni wifi, ulimi wangu umeshajipanga kusema sita, sita, neno jepesi, halina hata mfupa... "Wifi? Umelala?" kalamu iko pale pale juu ya fomu, haniangalii, anaangalia viatu vyake, na nimelimeza lile neno jepesi, limeshuka likikwaruza, navuta pumzi ya lile jingine, yamekatwa, wifi, andika yamekatwa, halafu twende wote kwa Miwani, mimi nitatangulia...