Breki ya Mwalimu

Kabla ya kuwasha gari, Fundi aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akafumba macho na kuomba. Hakuwa na maombi marefu. Alimwomba Mungu amwonyeshe cha kuonekana barabarani, amfikishe kwa binti yake, na amlinde huyu aliyeketi pembeni. Alipomaliza alisema amina. Huyu aliyeketi pembeni, ambaye siku zote aliomba macho wazi, naye akasema amina, kisha akaongeza:

"Na vioo je?"

"Nimeviangalia."

"Umeviangalia umefumba macho?"

Ndivyo walivyoianza kila asubuhi ya safari.

Aliyeketi pembeni alikuwa mume wake. Mji mzima ulimwita Mwalimu, kwa sababu nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake. Maisha yake yote ya kazi alikaa kiti cha abiria ndani ya gari la shule ya udereva, roho mkononi, vijana wakimpeleka mitaroni, na silaha yake ilikuwa moja tu: breki ya pili, ile inayofungwa upande wa mwalimu. Alimfundisha kila aliyekuja, isipokuwa mke wake.

"Mke hafundishwi gari," alisema kila alipoombwa. "Mimi nataka kuzeeka nikiwa bado na mke."

Kiharusi hakikumwuliza anataka nini. Kilimwachia uhai, akili na ulimi wake mkali, lakini mkono wa kushoto ukalegea, na daktari akamwambia habari za usukani azisahau. Wakati huo gari lao lilikuwa tayari uani. Zamani lilisambaza mikate. Mwalimu alikuwa amelijenga ndani upya, likawa na kitanda, jiko la gesi, sinki, makabati yenye komeo, na madirisha madogo ambayo Fundi aliyashonea mapazia ya buluu. Watoto wa jirani waliliita Konokono, maana lilibeba nyumba yake mgongoni na halikuwa na haraka. Walikuwa wamepanga kwenda nalo kwa kitinda mimba wao, aliyeolewa mbali, nchi ya nne ukihesabu mipaka, ng'ambo ya milima. Sasa kitinda mimba alikuwa amejifungua, na mtoto huyo hawakuwa wamemshika.

Basi Fundi, ambaye tangu usichana miguu yake ilijua kukanyaga cherehani tu, akajiandikisha masomo ya jioni ya udereva. Angeweza kumzaa aliyemfundisha. Akafeli, akaomba, akarudi, akafeli tena, akaomba zaidi, akafaulu. Mwalimu aliigeuza ile leseni mbele na nyuma kama anayetafuta kasoro ya kiwandani.

"Hongera sana, mke wangu," alisema. "Sasa twende tukafunge breki yangu."

Ikatolewa ile ya gari la shule, ikafungwa kwenye Konokono.

Katika nchi ya kwanza walifika kwenye daraja jembamba. Lori likatokea upande wa pili. Fundi alipima kwa jicho, akaona nafasi ipo, akaendelea. Mwalimu akakanyaga. Konokono likasimama kwa kishindo katikati ya daraja, sufuria zikaruka kabatini, na magari ya nyuma yakapiga honi kama yamefiwa.

"Ningepita!" Fundi alisema walipovuka na kuegesha. "Upana wa kitu naujua nikikitazama. Si ndiyo kazi yangu?"

Mwalimu alikuwa anaangalia kiatu chake.

"Nisikilize vizuri," Fundi aliendelea. "Ukiikanyaga tena, nageuza gari. Mjukuu tutamwonea kwenye simu."

Akachukua ndoo akaenda kutafuta maji, na pia kulia kidogo mahali pasipo na mtu. Aliporudi alimkuta Mwalimu akipiga soga na fundi wa pancha wa pale barabarani, mdomo umemjaa kicheko kama si yeye.

Tangu siku hiyo Fundi aliendesha jicho moja likiwa barabarani na jingine kwenye kile kiatu. Kikiinuka tu, alifoka:

"Mguu!"

"Unawasha."

"Mguu, Mwalimu!"

"Nimeua mbu."

Nchi ya pili magari yalipita upande mwingine wa barabara, na huko mguu wa Mwalimu ulicheza ngoma nzima. Fundi hakuweza kuapa kwamba ameikanyaga, wala kwamba hakuikanyaga. Kila Konokono liliposimama vizuri mbele ya taa au ng'ombe, alijiuliza nani kalisimamisha. Hilo ndilo lililomuuma. Hakujua kama yeye ni dereva, au ni mtoto anayejifunza kutembea huku kashikwa shati kwa nyuma.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyeamka kila siku kabla yake, akachemsha chai kwa mkono mmoja, akampelekea kikombe kitandani.

"Jana umeshona suruali ngapi?" alimwuliza akikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mateke yale si ya shati."

Kwa maana Fundi, akilala, miguu yake iliendelea kukanyaga cherehani. Kitanda cha Konokono kilikuwa chembamba, na Mwalimu hakuwa na pa kukimbilia.

Mpaka wa mwisho waliuvuka mchana, na barabara ikaanza kuteremka mlima kuelekea kwa binti yao. Ukungu ulikuwa umetanda. Fundi alitia gia ndogo kama alivyofundishwa, akashuka taratibu, akisali kimoyomoyo. Kwenye kona, barabara nzima ikawa kondoo. Konokono likapungua, likapungua, likasimama kwa upole hata birika halikutikisika jikoni. Mchungaji wao akainua fimbo kushukuru.

Fundi alitabasamu, akageuka, akaona. Kiatu cha Mwalimu kilikuwa kimeigandamiza breki hadi chini kabisa.

Kondoo walipoisha, Fundi alisogeza gari mahali palipopanuka, akazima, akatoa ufunguo.

"Kesho asubuhi tunageuza."

"Fundi, mtoto yuko nyuma ya mlima huu."

"Nilikuambia. Unajua nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu? Nilidhani nimelisimamisha mimi. Kumbe bado ni wewe."

Mwalimu alisema, "Inama uitazame breki yangu."

"Niitazame ya nini?"

"Inama tu, mama."

Fundi alichukua tochi, akainama miguuni pake. Chuma kilichoiunganisha breki ile na ya kwake hakikuwepo. Kikanyagio kilining'inia kwenye springi yake, hakikushika chochote, na kilifungwa kwa kipande cha kitambaa cha buluu, cha mabaki ya mapazia, kisigongegonge.

"Tangu lini?"

"Tangu darajani. Ulipokwenda kuchota maji, yule wa pancha alikitoa. Mimi nilirudi kwa miguu kuliangalia lile daraja." Akakohoa. "Ungepita. Na nafasi ingebaki."

"Nchi zote hizi! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungejua uko peke yako ukatetemeka. Halafu nikaona hutetemeki. Hapo nikaona aibu."

"Na huu mguu?"

"Mguu hausikii. Kwani wewe nikuambie usishone usingizini, utaacha?"

Fundi alikuwa bado ameinama. Alicheka, machozi yakimdondokea kwenye kiatu cha mumewe, na ndani ya kicheko hicho alimwambia Mungu asante, na samahani pia.

Asubuhi aliamka yeye kwanza. Alichukua sindano, pamba, na kipande cha buluu, akashona kifuko kinene kilichojaa pamba, chenye mpira wa kukibana, akakivalisha kile kikanyagio. Mwalimu alipoketi mahali pake, aliuweka mguu, akashangaa.

"Hiki nini tena?"

"Usije ukaumia. Kanyaga utakavyo, baba."

Fundi akaweka mikono juu ya usukani, akaomba, akasema amina. Mwalimu akasema amina. Fundi akangoja. Alingoja mpaka akachoka.

"Leo huulizi vioo?"

"Nitajuaje mambo ya vioo?" Mwalimu alijibu. "Si nimefumba macho."

Na kweli alikuwa amefumba. Hakuyafumbua hata Konokono liliposhika mteremko. Mguu wake tu, polepole, ulikuwa unakanyaga pamba.