Mume wa Mjane

Kila Jumapili baada ya misa, Kaumba Urbain alikuwa anaitengeneza nchi. Aliketi kwenye benchi la mama muuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, nyuma ya kanisa, kofia yake ya reli magotini, akaitengeneza Kongo yote mpaka kikombe kikauke. Maisha yake ya kazi aliyamaliza katika stesheni ya Kamina akigeuza njia za treni, na sasa alikuwa na pensheni ndogo ambayo mkewe, Augustine, alisema hufika ikiwa imechoka na safari. Lakini ulimi wake haukustaafu.

Hoja yake ilikuwa moja tu. Serikali impe kila mtu mzima makuta, yaani fedha, kidogo kila mwezi, kiasi kilekile kwa wote, tajiri na maskini, bila swali. Tena iwe sheria, isiwe zawadi. Zawadi, alisema, ni ile chumvi na kile kitenge wanachokuja nacho wagombea wakati wa uchaguzi. Ukishapokea, unainamisha kichwa mpaka uchaguzi mwingine. Haki ukiipokea, unamtazama machoni aliyekupa. Watu wakamuuliza kama gavana naye apewe. Apewe, akajibu, kwa sababu siku gavana atakaposimama kwenye mstari mmoja na sisi, mstari utakwenda mbio. Walicheka sana. Walipouliza makuta yatoke wapi, alinyoosha kidole upande wa reli: shaba yote iliyopita pale, yeye ndiye aliyeifungulia njia, na hajaona hata kipande kilichoshuka Kamina.

"Ku kilio," alisema siku moja akitoa mfano wa msibani, Augustine akiwapo, "bukari inapita kwa kila muntu. Nani anakuuliza weye ulilia sana ao ulilia kidogo? Ni muntu tu. Inatosha."

Augustine alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Alimpenda mumewe, hilo halina ubishi, lakini aliyeitafuta hiyo bukari, ugali wa kila siku, alikuwa yeye, na mambo ya misaada aliyajua yalivyo. Unga ulipokuja, ulikuja kwa wajane. Magodoro yalipokuja, yalikuja kwa wajane na vilema. Yeye, mwenye mume na miguu miwili, alirudi na kikapu kitupu kila mara. Jirani yake Masengo, ambaye bwana yake alikuwa mzima akinoa jembe uani, alirudi na godoro kichwani. Masengo alimzika yule bwana mara mbili kwa mdomo tu, na bwana mwenyewe aliliegemea lile godoro bila kinyongo. Mtaa mzima ulijua na mtaa mzima ulinyamaza, maana karibu kila nyumba ilikuwa na marehemu wake.

Mvua zilipokaribia kwisha, mdogo wake Kaumba alifariki Luena. Kaumba alipanda treni kwenda kumzika. Augustine alibaki na wajukuu na mihogo iliyokuwa bado ndani ya maji, akafunga kitambaa cheusi kichwani kwa ajili ya shemeji yake. Wiki hiyohiyo wakaja watu wa mradi, wa shirika geni ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, wakipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wa nyuma ya reli.

Aliyefika kwa Augustine alikuwa kijana mpole aliyeitwa Chrispin. Alikataa kiti mpaka alipokaribishwa mara ya pili, kisha akaeleza. Kila mtu mzima wa mtaa huu atapata makuta kwenye simu kila mwezi, kwa miaka miwili, awe nacho asiwe nacho. Ni jaribio. Likifaulu, huenda siku moja likawa sheria ya nchi nzima. Yalikuwa maneno yaleyale ya mumewe, na kwa sababu yalikuwa ya mumewe, Augustine hakuyaamini. Kila mtu? Tangu lini?

Chrispin akatazama kile kitambaa cheusi, akashusha sauti.

"Pole sana, mama. Ni baba wa nyumba?"

Angeweza kusema ni shemeji. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini aliuona unga, akaliona godoro la Masengo, akaona miaka yote ya kikapu kitupu.

"Njo yeye," akasema. Ndiye.

Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, ambayo hakuyaita. Masengo alikuwa upande wa pili wa uzio, akasikia kila kitu, akamtupia pole kwa sauti ya msibani kama jirani mwema.

Kaumba alizipata habari za mradi pale pale stesheni, kabla hajashusha mzigo. Alifika nyumbani karibu akikimbia, mzee mzima, akamwambia mkewe kwamba wamesikilizwa. Sijui alifikiri ni nani aliyemsikiliza, labda Kinshasa yenyewe ilikuwa imejificha chini ya lile benchi la munkoyo. Lakini furaha ile ilikuwa furaha. Alipiga pasi shati lake jeupe mwenyewe, kwa makaa, akalitundika ukutani kungoja siku. Augustine alikuwa akilitazama lile shati na kusema moyoni kwamba atamwambia kesho. Kesho ilipofika, nayo ilikuwa na kesho yake.

Siku ikafika. Walikusanywa kwenye ukumbi wa parokia kuitwa majina na kuingiziwa makuta ya kwanza, na kweli waliitwa wote: mwenye duka la dawa, katekista, kipofu wa karibu na soko, hata mlevi ambaye mama yake mwenyewe asingemkabidhi chumvi. Kaumba alisimama mbele na kofia yake ya reli, akimtikisia kichwa kila aliyeitwa, utafikiri ni yeye anayegawa. Kisha akaitwa Augustine, mjane.

Kaumba alicheka. Alikwenda mpaka mezani kulirekebisha kosa hilo dogo. Chrispin akamtazama, akamtazama Augustine, kisha akaeleza kwa adabu kwamba waliohamia mtaani baada ya kuhesabiwa hawamo, la sivyo Kabongo yote na nusu ya kambi ya Base wangehamia hapa.

"Kama mama amepata bwana mwingine, papa, ni vizuri," alisema. "Lakini weye ulifika nyuma."

Nyumba ile Kaumba aliijenga kabla Chrispin hajazaliwa. Aligeuka kumtafuta mkewe kwa macho, na mkewe alikuwa ametazama sakafu. Hapo akaelewa. Alivaa kofia yake, akatoka nje, na watu wakampisha kama wanavyopisha jeneza.

Nyumbani hakupiga, hakutukana. Afadhali angetukana. Augustine alipiga magoti, akamwambia alidhani ni kama ule unga, na Kaumba akamjibu kwamba anajua. Ni hilo tu alilosema.

Dada mkubwa wa Kaumba, Mbuyi, alisikia akaja asubuhi na mapema akiwa amefura, mkononi ana mpemba, lile vumbi jeupe la baraka. Kwa Waluba, kumtaja mtu aliye hai kuwa amekufa si mchezo. Walioko chini wanaweza kusikia wakaanza kumtengenezea nafasi. Mbuyi alimpaka ndugu yake mpemba kwenye paji la uso na mikononi, akawaambia marehemu wao, na yule wa Luena akamtaja kwa jina, kwamba huyu ameitwa na mdomo wa mpumbavu, haji bado, wasimngoje. Jua halijapanda, mambo yalikwisha. Wafu walielewa mara moja.

Mradi haukuelewa. Wiki iliyofuata walikwenda kwa Chrispin wote wawili, na ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi zaidi, lakini hakuwa. Aliwaeleza huku akisugua macho. Wakubwa wake wana kanuni. Akiandika kwamba mama alidanganya, nyumba nzima inatolewa, na mtaa wote utakaguliwa upya. Asipoandika, papa anabaki alivyo.

"Andika," alisema Augustine. "Andika minyi njo nilidanganya."

Alisema kwa moyo wake wote, na Kaumba alimsikia. Chrispin akawaomba wakalifikirie kwanza mpaka kesho.

Hawakupata nafasi ya kulifikiria. Jioni hiyo Masengo aliingia uani na wanawake wenzake, na nyuma yao wakaja mabwana zao, marehemu wa mtaa mzima, walioandikishwa wafu kama yeye, wamesimama kwa mstari na kofia mikononi. Masengo alipiga magoti. Watoto walikuwa wamesharudi shuleni kwa makuta ya kwanza, alisema. Papa Kaumba akifungua kaburi lake, makaburi yote yatafunguka, na mradi utaondoka Kamina na kwenda kwa watu wakweli, kama wako.

Kaumba aliwatazama wale wanaume. Hakuna aliyeweza kumtazama yeye. Augustine aliomba moyoni aseme hapana, aseme neno moja la ubinafsi katika maisha yake.

"Muende mulale," akasema mwishowe. "Minyi nitabakia pale nilizikwa."

Basi akabaki. Jumapili hakwenda tena kwenye munkoyo. Walipomwita aje aitengeneze nchi, alisema hana sauti. Na lililokuwa chungu kuliko yote ni kwamba mambo yalikwenda sawasawa na alivyohubiri. Masengo alinunua cherehani. Kipofu alipata kijana wa kumlimia. Mlevi hakulewa zaidi ya zamani, na hakuna aliyemwinamia mtu. Kaumba aliyaona yote hayo kutoka mlangoni kwake. Augustine alipoweka makuta mezani, aliyasogeza kando kwa mgongo wa mkono, akala bukari yake. Hakumnunia. Alikuwa tu akipungua, na Augustine alimwona anavyopungua, na hakuwa na la kufanya.

Kiangazi kilipokaribia kwisha wakaja wageni na kamera, kutoka Lubumbashi na mbali zaidi, kuona jaribio. Chrispin alitangulia kuja, akiona haya, akaomba papa asionekane uani. Kaumba hakubisha. Alichukua kiti chake akakipeleka jikoni, kwenye kibanda cha nyuma, akakaa karibu na moto.

Mgeni mmoja, mama mwenye sauti laini, alimuuliza Augustine angependa kuiambia serikali nini. Augustine hakuwa amejiandaa. Alifungua mdomo, na yakatoka yote, moja baada ya jingine: kwamba iwe sheria, isiwe zawadi, kwamba gavana naye apewe, ili mstari uende mbio, kwamba shaba ilipita hapa na haikushuka, kwamba ku kilio bukari inapita kwa kila muntu na hakuna anayeuliza ulilia namna gani. Wageni waliacha kuandika wakabaki wanamtazama. Yule mama akauliza maneno hayo aliyatoa wapi.

"Ni bwana yangu njo alisemaka vile," alisema Augustine. "Bwana yangu mwenye kufa."

Kutoka jikoni kikasikika kikohozi, kirefu, cha mtu aliyejizuia kadiri alivyoweza ndani ya moshi. Mgeni akageuka.

"Nani iko kule nyuma?"

Augustine alimtazama Chrispin. Chrispin alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ni muntu tu," akasema.

Mgeni akatikisa kichwa kwa upole, akamwomba arudie ile sehemu ya bukari, maana upepo ulikuwa umeingia kwenye sauti ya kamera. Augustine akarudia.