Isukuti Mlangoni

"Simu, mama. Na hiyo nyingine pia," Jerusha alisema, ameufungua mfuko wa plastiki.

Mgeni alisonya, akaitoa mkobani. Jerusha akaubandika mfuko namba, akautia kapuni, akampa kijikaratasi chake, akamgeukia mwingine. Ndiyo kazi ya askari wa kike kwenye kumbi za arusi za Doha. Upande wa wanawake mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, watu wanacheza watakavyo, na picha hata moja haitakiwi kutoka nje. Askari wenyewe hawaaminiwi. Simu ya Jerusha ilikuwa kapuni pamoja na zile nyingine, imezimwa.

Na jioni hiyohiyo, kwao Shinyalu, Kenya, baba yake alikuwa amelazwa uani ndani ya jeneza. Kesho wanamzika. Kampuni ilimnyima likizo, ikamnyima hata kubadilishiwa zamu, kana kwamba baba hufa kila mwezi.

"Ngoma za isukuti zikianza nitakupigia video," kaka yake Fabian alikuwa amemwambia. "We cheza hukohuko. Mzee wetu Philip hawezi kwenda kama hujamchezea."

Jerusha aliitikia tu. Habari ya kapu hakumwambia.

Ukumbini, wapiga ngoma wa kike walianza. Wasichana wenye magauni ya hariri walitoka polepole, wakirusha nywele huku na huku, miguu ikiteleza juu ya zulia. Kwa uchezaji huo, Shinyalu wangeulizwa wataanza kucheza saa ngapi. Lakini ngoma ni ngoma, na hii ilimshika Jerusha mabegani. Alijizuia. Akamfikiria baba yake, na Fabian anayepiga simu isiyoshikwa, akashindwa.

Mabega yalitikisika, magoti yakakunjika, buti za kazi zikapiga sakafu.

"Jerusha! Utatufukuzisha, nyabo!" alinong'ona Scovia, Mganda, msimamizi wao.

Onyo lilikuwa limechelewa. Mama wa bibi arusi alishamwona, akamshika mkono akicheka, akamvuta hadi katikati ya ukumbi. Wanawake wakamzunguka na kupiga makofi. Jerusha alicheza huku machozi yakimtiririka, nao wakazidisha vigelegele.

"Mashallah!" mama yule alisema kwa Kiarabu chepesi wanachosemeshwa wafanyakazi. "Kwenu hii mnacheza lini? Arusini?"

Jerusha alifungua mdomo. Isukuti hupigwa arusini pia, ni kweli, ila hii aliyoicheza ilikuwa ya jeneza. Angewezaje kumwambia mama wa watu hivyo, siku anayomwoza mwanawe?

"Arusini, mama," Scovia aliwahi, meno yote nje. "Arusini tu."

Jerusha akaitikia kwa kichwa. Alijiona amemkana baba yake mbele ya umati, na moyo ulimuuma vibaya.

Wakati wa chakula Scovia alimfuata nyuma ya jikoni, akamtia mkononi simu yake aliyoitoa kapuni, imeshawashwa. "Haraka, kabla hawajakuona."

Fabian alikuwa amepiga mara nyingi, kisha akatuma video. Shangazi zake na dada zake walikuwa wakilizunguka jeneza kwa mstari, mabega yakitikisika. Kati ya dada zake Millicent na Carolyne palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mstari ulipokunja, nafasi ile ilikunja nao. Binamu mmoja alitaka kuingia hapo. Millicent akamsukuma kando bila kuacha kucheza.

Ng'ambo ya ukuta ngoma za arusi zilianza tena. Jerusha aliirudisha video mwanzo.