Injini ya Mbao

Injini ilikuwa imeshapita geti, imelala ubavu juu ya mkokoteni kama mlevi anayerudishwa kwao. Mbele yake Kilometa alitembea kinyumenyume, mikono juu, akiwaongoza wasukumaji katika kichochoro ambacho hata kipofu angekipita bila fimbo.

"Kulia kidogo! Kulia! Haya, nyoosha!"

"Mzee, tupishe basi," akasema msukumaji wa mbele. "Aliyeziba njia ni wewe."

Akapisha. Ile injini ndogo ya silinda nne, iliyozaliwa pamoja na gari lake, ikakata kona kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, naye akaipungia mkono. Mwenye akili angengoja injini mpya ikae ndani ya gari kwanza, ndipo aitoe ya zamani nje ya geti. Akili Kilometa alikuwa nazo, ila zilikuwa na kawaida ya kufika stendi basi likiwa limeshaondoka.

Jina lenyewe alijipa. Aliendesha malori ya masafa marefu tangu ndevu hazijaota mpaka zikaota na kuingia mvi, na kila mazungumzo, yawe ya msiba au ya bei ya sabuni, aliyapeleka kwenye barabara fulani na kilometa zake. Katika miaka yote hiyo mkewe hakuwahi kukaa kiti cha pembeni yake. Kampuni ilikuwa imeandika mlangoni kwa rangi nyekundu: ABIRIA HARUHUSIWI.

Alipostaafu, badala ya kununua gari la watu wazima, alinunua kigari cha mbio cha zamani: milango miwili, paa la turubai, kimekaa chini kiasi kwamba kutoka ndani yake lazima upige magoti kwanza, kama mtu anayetubu.

"Viti viwili tu," alimwambia mkewe. "Changu na chako. Tutakwenda kwa binti, mimi na wewe, paa wazi."

Binti yao wa kwanza aliishi mbali, alikuwa mjamzito, na alishamwita mama yake. Mke akakubali kungoja gari, ila kwa sharti. "Binti akikaribia kujifungua na hilo dude halijawaka, mimi napanda basi. Na ahadi zako usiniletee tena. Kawape majirani, wao bado hawakujui."

Kilometa alicheka, lakini alijua hakuna mzaha hapo. Ahadi ya kumpandisha alishaivunja kwa kila aina ya lori. Hii ilikuwa ya mwisho.

Sasa, injini ya zamani ilikuwa imechoka, mlima ikiupanda kwa kuomboleza. Fundi, ambaye ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, alisema inafunguka na inarekebishika. Kilometa akasema hapana, anataka nguvu. Ndipo shemeji akampatia injini ya silinda sita iliyotoka kwenye gari la kubebea maiti.

"Hii haijawahi kukimbizwa," shemeji alimhakikishia. "Abiria wake hawakuwa na haraka."

Lakini ilikuwa ndefu. Shemeji akashauri: kabla ya kuhangaika na chuma, tengeneza injini ya mbao kwa vipimo hivihivi, uishushe ndani ya gari, tuone itagusa wapi.

Kazi hiyo Kilometa aliifanya peke yake, kwa mbao za kabati bovu. Alipoishusha, ikagusa stelingi. Akachukua randa, akapunguza ubavuni. Ikagusa rejeta. Akakata mbele. Ikagusa nyuma, kwenye lile bati nene linalotenga injini na miguu ya watu. Akakata na huko, huku akipiga mluzi. Mwishowe ikaingia kama mguu kwenye soksi. Boneti ikafunga. Akamwita mkewe aone, akawaita majirani waone, akasimama mkono kiunoni kama aliyeizaa mwenyewe. Kesho yake ndipo akauita ule mkokoteni.

Shemeji alipoleta injini ya chuma, waliining'iniza kwa cheni na kuishusha taratibu. Ikateremka kidogo, ikakaa. Mbele imelalia rejeta, nyuma imepanda bati. Boneti ilikuwa haina hata haja ya kujaribiwa.

Shemeji akatazama chuma, akatazama mbao pale ukutani.

"Shemeji, hii mbao uliipima?"

"Niliipima sana."

"Mbona fupi?"

"Nilipunguza kidogo. Pale ilipokuwa inagusa."

Shemeji alikaza cheni kwanza, maana injini ikining'inia haichekewi, ndipo akakaa chini kucheka.

"Yaani tumetengeneza mbao ituambie panapogusa, na kila ikifungua mdomo, wewe unaikata ulimi?"

"Haya, yamekwisha."

"Hayajaisha! Na hiki chuma utakiranda na nini, meno? Kwanza yamebaki mangapi?"

Alipokuwa kazini Kilometa aliwahi kumgombeza kijana mmoja aliyesukuma mshale wa mafuta kwa kidole ili tangi lionekane limejaa. Akamkumbuka yule kijana, akaona sasa wanaweza kufungua shule pamoja.

"Njia ipo," shemeji akasema akijifuta machozi. Akaokota chaki, akainama ndani ya gari, akachora mstari sakafuni. "Tunakata bati upande wa abiria. Injini inarudi nyuma, gia boksi inalala hapa. Kiti kimoja kinatoka. Lakini gari, shemeji! Litaruka!"

Moyo wa Kilometa uliruka kabla ya gari. Papo hapo akawa ameshapanga kila kitu: mama atakwenda kwa basi, yeye atafuata nyuma, paa wazi, akilisindikiza. Safari itakuwa moja tu, magari mawili. Alikuwa bado anaipamba hoja hiyo mkewe alipotoka na chai. Akaweka sinia juu ya pipa, akachukua kikombe chake, akafungua mlango wa gari na kuketi mahali pake. Mstari wa chaki ulipita juu ya viatu vyake.

"Hii chaki ya nini?"

Ghafla shemeji akawa na bolti ya kutafuta chini ya meza.

"Mpango tu," Kilometa akasema. "Injini itasogea hapo kidogo."

"Na miguu yangu isogee wapi?"

"Mabasi ya siku hizi, mama, viti vinalala kabisa..."

Alijisikia mwenyewe akisema hivyo, akatamani kuingia chini ya meza akasaidie kutafuta bolti.

Mkewe hakupandisha sauti. "Kubaki nyumbani nimezoea. Uliondoka kijana ukarudi mzee, na sikukulilia. Ukitaka gari la mtu mmoja, lijenge. Umefanya kazi, ni haki yako. Ila usiseme tena mbele za watu kwamba ni letu."

Akanywa chai yake humohumo, akitazama mbele kupitia kioo, mkono mmoja ameshika mpini wa mlango, kama mtu ambaye gari linakwenda.

Kilometa alizikumbuka zile herufi nyekundu. Kampuni angalau ilitumia rangi. Yeye alitaka kutumia msumeno.

Akapiga magoti, akalowesha ncha ya mkono wa shati kwa mate, akaanza kufuta.

"Sogeza mguu kidogo, mama. Shemeji, acha hiyo bolti. Injini fupi ipo?"

"Ipo ya gari la mikate," sauti ikatoka chini ya meza. "Lakini hairuki. Hiyo hata kutembea unaibembeleza."

"Itatufikisha?"

"Mikate ilikuwa inafika."

Mbao ya pili ilipimwa na shemeji, na randa mke aliifungia chumbani. Injini ya mikate iliingia. Walifika kwa binti kabla ya mtoto, baada ya kupitwa na mabasi yote na trekta moja. Mke alilala karibu njia nzima, akaamka mara chache kumwambia apunguze mwendo. Mtoto alikuwa wa kike. Mke alikaa huko mpaka mtoto akaanza kutambaa, akarudi kwa basi kwa sababu ya mgongo. Injini ya gari la maiti sasa inaendesha mashine ya kusaga nafaka. Shemeji amepata karakana kubwa zaidi, na kila akisimulia habari ya mbao, mbao inazidi kuwa fupi. Kilometa aliliuza gari goti lake lilipokataa kukunjika. Aliyelinunua ni daktari wa meno. Aliuliza kama injini kubwa inaweza kuingia, akaelekezwa kwa shemeji.