Damu ya Upande wa Baba

...na bado hajafungua kifungo cha mkono wa shati, Anastase, mume wangu, baba wa mwanangu Divine, amekaa mbele ya docteur Michée kama anayengoja hukumu, muuguzi Fanny amesimama na sindano yake, mpira wa kufungia mkono unaning'inia kidoleni, na damu yangu mimi imeshalala katika sanduku la barafu litakalopanda gari la Bukavu leo, peke yake, haina faida bila mwenzake, docteur ameshasema, "Papa Divine, gène ya mutoto inatoka ku baba na ku mama, tukiona ya mama tu, hatutajua yenye iliharibika," na Anastase anatazama viatu vyake, na dada yake Laurette, ambaye sijui nani alimwalika, anamjibia, "Docteur, kwetu hakuna kipofu hata mumoya, iyi bugonjwa ilitoka Makobola," na Makobola ni kwa baba yangu, yaani mimi ndiye niliyeingiza giza katika ukoo wao safi wa Luvungi, nyani haoni kundule... nimechoka, kwa kweli nimechoka, kabla sijaolewa shangazi zao walikuja kutuchunguza, wakauliza kama kwetu kuna kifafa, kama kuna ukoma, kama kuna kipofu, wakanipa uzi na sindano wanitazame nikitunga, na upande wetu hakuna aliyewauliza wao lolote, baba alisema ukimwuliza mleta ng'ombe habari za ukoo wake umemtukana, basi nikatunga uzi, hata nikacheka, mjinga mimi... "Na iyo dawa iko na virusi," Laurette anasema, "nilisikia batu banasema," na docteur, kwa uvumilivu nisiokuwa nao, anarudia aliyoyaeleza tulipofika, kwamba wengine hutumia virusi kubeba jeni, hawa wenye dawa hii hawatumii, wao wanaifunga jeni nzima katika matone ya mafuta madogo kuliko vumbi, wanayaingiza kwa sindano nyuma ya jicho, na matone yanaingia ndani ya chembe za retina, zile zinazopokea mwanga, na kuushusha mzigo humo, kwamba bado ni majaribio, hawezi kuniahidi kitu, lakini Divine ni mtoto, chembe zake nyingi zingali hai, na chembe ikishakufa hakuna wa kupokea mzigo... hilo nalielewa vizuri, mpunga ukishakauka maji ya kesho ni ya nini, wao watu wa mpunga wangelielewa kabla yangu... "Basi mukamate ya mama yake tu," Anastase anasema hatimaye, kwa sauti ndogo, "kwake njo kwenye iko shida," mume wangu huyo, anayembeba Divine mgongoni kila giza linapoingia asijikwae kwenye mawe ya mtaa wetu wa Kimanga, anampenda, najua anampenda, na kifungo amekifunika kwa kiganja kana kwamba mtu anataka kumwibia, na hasira inanipanda hadi masikioni... mapazia yamefungwa kwa ajili ya kupima macho, kwetu sisi ni kivuli tu, kwa Divine ni usiku, ananitafuta, vidole vinapita kitini, vinapita ukutani, vinaipata ncha ya kitenge changu kwa nyuma, vinaikamata, naye anatulia, ndivyo afanyavyo nyumbani kila jioni, anashika ncha ananifuata, havuti, anashika tu... na hili nimeliona mahali, mkono unaoshika kwa nyuma namna hii, bila kuvuta... ng'ombe, mkia wa ng'ombe, baba mkwe akirudi malishoni jua linazama, ng'ombe mbele, yeye nyuma kaushika mkia, na kijiji kinacheka kwamba mzee anampenda ng'ombe kuliko mkewe, na zamu yake ya maji ya mpunga ikiangukia usiku alimwachia jirani, akasema Mkristo hagombanii maji na vyura, na siku ya mahari ya Laurette, huyuhuyu Laurette, mzee aliondoka pombe ikiwa bado mtungini, jua lilikuwa linashuka... na mimi sikuona, ningeonaje, siku ya kuingia kwao nilifundishwa kwamba mkaza mwana hamtazami baba mkwe usoni wala halitamki jina lake, akiwa hai au kaburini, basi jioni nilimwekea chakula, naye akaipapasa sahani, nami nikatazama miguu yake, kwa heshima, miaka yote ile nikatazama miguu... lakini wao walimtazama usoni, Laurette alimtazama, na Anastase ndiye mtoto aliyetumwa kila magharibi kwenda kumpokea baba yake njiani, Anastase anajua, amejua siku zote, haogopi sindano wala virusi, anaogopa damu yake itasema, na ameniacha niitwe mchawi wa macho ya mwanangu mwenyewe... nilikuja na maneno ya kumbembeleza, tafadhali Papa Divine, kwa ajili ya mtoto, nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani, sasa sina hata moja... "Mama Divine, tungojee tena?" Fanny ananiuliza mimi, mpira bado unaning'inia, kifungo bado kimefungwa, Divine bado kashika ncha ya kitenge, na mimi nainua macho kutoka sakafuni, namtazama Laurette usoni, namtazama Anastase usoni, mdomoni mwangu kuna jina ambalo sijalitamka tangu niolewe, Nizigama, Nizigama alikuwa haoni usiku, na nitalitamka hapa, mbele ya watoto wake.