Mita Arobaini na Mbili, Kutoka Wapi?

Mhandisi wa maji hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu mbaya unamgombeza, unalala vizuri. Huyu alivua kofia, akakalia kiti changu kibovu, akaniambia bomba litapita nyuma ya ghala na kwamba anajua kuna makaburi ya kale huko chini. Nimwonyeshe yalipo, atalikwepesha. Nisipomwonyesha hadi Alhamisi asubuhi, mtambo utachimba moja kwa moja.

"Mwenye kumbukumbu ni wewe, mzee," alisema.

Ndiyo, ni mimi. Miaka ishirini na sita natunza ghala hili la vitu vya kale, hata jina langu watu wameshalisahau. Wananiita Bwana Vigae, kwa kuwa kutwa nzima naosha vipande vya vyungu na kuviandika namba kwa wino mweusi. Daftari ninalo. Kaburi la kwanza: mita arobaini na mbili mashariki, kumi na saba kaskazini. Hivyo hivyo mpaka la tisa, yote kwa mwandiko wangu. Profesa aliyeyafukua aliyachora, akayafunika tena. Sawa kabisa, lakini mita arobaini na mbili kutoka wapi? Mahali walipofunga utepe wa kupimia palichorwa kwenye ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa. Jalada wameliacha, washenzi wale.

Siku za kupima sikuwepo uwanjani. Nilikuwa ndani, mikono kwenye karai. Profesa naye alishafariki. Kilichobaki ni makala yake katika jarida moja la wasomi, huko ng'ambo.

Kwenye kompyuta ya ghala niliipata upesi. Kichwa cha makala, jina la marehemu, mistari kumi, basi. Ukitaka kuendelea, ingia kupitia taasisi yako. Orodha ya taasisi ilikuwa ndefu kupita maelezo, nikaisoma yote. Chuo cha ufugaji wa nyuki kimo, sisi hatumo. Jamani! Vigae nimeosha mimi, namba nimeandika mimi, halafu kusoma habari zake nibishe hodi kwa watu wasionijua, nao wasinifungulie.

Mke wangu angekuwepo ningetoka nimlalamikie, naye angenicheka mpaka hasira ziishe. Ana miaka sita kaburini. Nilitoka hivyo hivyo, nikasimama uani kwetu, pembeni mwa ghala. Uani hamna kitu. Nguzo ya chuma aliyofungia kamba ya kuanikia nguo niliing'oa mwenyewe wiki ya pili baada ya mazishi, maana kila nikifungua dirisha nilikuwa naiona ile kamba haina nguo, nikashindwa. Nguzo nikampa fundi wa kuchomelea, shimo nikalifukia, nikafagia. Nafagia kila siku. Sina mtu wa kuniambia pametosha.

Jumatatu nilijikaza nikampigia binti yetu. Ni muuguzi katika mji wenye chuo kikuu, mbali, kwa ndege. Sipendi kumsumbua, ana zamu zake na watoto wake. Akasema jirani yake anafundisha hapo chuoni, atamwomba. Jumanne kimya. Jumatano, karibu na adhuhuri, akapiga yeye, wala hakunisalimu.

"Baba, nimekutumia. Lakini kaa kwanza."

Nikamwambia nimekaa. Nilikuwa nimesimama.

"Soma maandishi madogo, chini ya ukurasa wa nne." Nikamsikia anavuta kamasi.

Profesa aliandika kwamba vipimo vyote vinaanzia kwenye nguzo ya chuma iliyoko uani kwa mtunza ghala. Akaongeza kwamba anamshukuru mke wa mtunza ghala, aliyekubali kuanika nguo zake juu ya majani kwa wiki saba ili utepe wao upite.

Nilikumbuka mashati yangu yalivyokuwa na vipande vya majani. Nilimfokea. Akaniambia profesa ameiazima nguzo yake, ndiyo inayopimiwa kila kitu, nami nikamwambia aache kutia chumvi. Miaka yote hiyo wasomi wa ng'ambo wamemsoma mke wangu, na mimi mumewe nimefungiwa nje. Na nguzo yenyewe nimeing'oa kwa mikono yangu hii.

"Baba? Nguzo bado ipo?"

Nikamwambia nitampigia baadaye. Nililia, sifichi.

Machozi yalipokauka nikakumbuka jambo ambalo profesa aliwafokea wanafunzi wake kila siku: shimo likifukiwa, udongo wake haurudii rangi ya zamani. Ndivyo walivyotambua nyumba ambazo miti yake ilishaoza, kwa maduara meusi ardhini. Maduara hayo nimeyaingiza daftarini karibu mia mbili. Sikuwahi kutafuta hata moja.

Nikachukua mwiko wa mwashi, nikapiga magoti uani. Nilikwangua udongo kidogo kidogo, nikanyunyiza maji rangi zitokeze, nikakwangua tena. Magoti yaliniuma. Alasiri, hatua nne kutoka dirisha la jikoni, wekundu wa udongo ukakatika, pakatokea duara jeusi la ukubwa wa kisahani. Nikalichimba taratibu. Ndani yake mlikuwa na kibanio cha nguo, cha plastiki, cha buluu. Nilikuwa nimekifukia pamoja na udongo bila kukiona.

Alhamisi mhandisi alikuta nimesimamisha mti kwenye lile shimo na utepe umeshafungwa. Akashika ncha ya pili, mimi nikashika dira. Tulipofika mita arobaini na mbili tukakata kushoto, kumi na saba, akachoma ardhi kwa nondo. Iligonga jiwe la kufunikia kaburi. Akaniangalia, akaenda kumwambia dereva azime mtambo.

Aliporudi aliniuliza nimejuaje.

"Mke wangu aliniambia," nikamjibu. "Sikumsikiliza tu."

Alipoondoka nikaandika ukurasa wa kwanza upya. Kibanio sikukipa namba. Nilifunga kamba kutoka kwenye ule mti hadi dirishani, nikafua shati langu moja, nikalibana nacho.